Safari ya Kuwaamkia Farasi wa Dole

Zuhura, mdogo wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mie hali yako siwezi kuuliza. Anaijua Mola, sisi kazi yetu kukuombea. Basi nianze na ya kwangu: mzima, nguvu ninazo, na watu wa hapa Woolwich wanasema narudi ujana. Wifi yako Mwanaidi anasema nimenenepa tu. Unamjua, hapendi kunisifu mbele ya watu.

Leo Ijumaa. Nimetoka msikitini, nimekula, nimekaa meza ya jikoni na kalamu ya mwanao Rukia. Nataka nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine, ingawa sijui huko mnapataje habari. Kesho tunakwenda shamba la farasi. Lile la zamani, la Newmarket, ulilokuwa ukilitaja kila Jumamosi ukikaa mbele ya televisheni kuangalia mashindano, glasi ya chai mkononi, ukimchagua farasi kwa macho yake. "Huyu ana macho ya mtu aliyeonewa," ulikuwa ukisema, "huyu atashinda." Na wallahi alikuwa akishinda. Au alikuwa wa mwisho, lakini kwa heshima.

Najua unakumbuka, ila acha niihadithie tena, maana raha yake ni kuihadithia.

Wewe ulikuwa huna meno ya mbele. Mapinduzi yalikuwa yamepita, yule Mwarabu mwenye shamba la Dole amekwishaondoka na watu wake, na farasi wake wamebaki bandani hawana mtu. Mie ndiye niliyekuwa saisi wao, mwangalizi mkuu wa farasi wote wa Unguja nzima. Mama alikuwa akisema kazi yangu ilikuwa kuchota maji, lakini Mama hakuwahi kuniona juu ya farasi. Nilimpanda yule dume mkubwa bila tandiko, nikatoka Dole mpaka Mkokotoni, nikarudi, na chai niliyoiacha bado inafuka moshi. Hapo ndipo ulipokuwa ukinikatiza: "Kaka, jana farasi huyo alikuwa mweupe, leo mweusi." Nami nikikujibu kwamba jana alikuwa amekoga.

Tulikuwa tukienda wawili kuwakatia majani. Wewe ukibeba kifungu chako kichwani, majani yanakuingia machoni, na husemi kitu. Halafu siku moja tukafika tukakuta banda tupu. Mlango wazi, hata hatamu hazipo. Hakuna aliyejua wamekwenda wapi, au waliojua hawakutaka kusema, siku zile watu walikuwa hawasemi. Ukakaa chini na kifungu chako ukalia mpaka ukatapika. Mie ningefanya nini? Nikakwambia wamepakiwa meli. Wamekwenda Uingereza, huko kuna shamba kubwa la farasi, majani yanafika magotini, na kila mmoja ana blanketi lake. Ukafuta makamasi, ukauliza, "Na maji nani atawachotea?" Nikasema malkia ana watu wake.

Sikujua kama siku moja mie na wewe tutakuja kuishi nchi ile ile niliyoitia chumvi. Hata ulipokuwa mtu mzima, nesi, funguo za wodi zinaning'inia kiunoni, ulikuwa ukinipigia simu: "Kaka, lini tutakwenda kuwaamkia farasi wetu?" Nami nikisema mwaka huu. Mwaka huu umefika, mdogo wangu. Umefika na wewe hupo.

Sasa nikupe habari za nyumbani, na hizi sizitii chumvi.

Tangu ulipotutoka, Rukia yuko kwetu, kile chumba cha nyuma. Anasoma, anasali, anaosha vyombo bila kuambiwa, na hilo la vyombo ndilo linalonitisha. Msichana wa miaka kumi na sita anayeosha vyombo bila kuambiwa hayuko sawa. Kiswahili amekiacha. Anaelewa kila kitu, mwambie leta chumvi, ataleta, lakini jibu la Kiingereza, tena fupi. Nimemhadithia hadithi zangu kubwa kubwa zote, hata ile ya papa niliyemfunga kwa kilemba nikamburuta mpaka pwani. Akaniambia nzuri, kwa Kiingereza, akapanda juu.

Shangazi yake wa Leicester, dada wa marehemu mumeo, anamtaka akaishi kwake. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana nyumba yenye bustani, ana mabinti wa umri wa Rukia, na anasema mtoto wa kike aliyefiwa na mama anataka wenzake, si watu wazima wawili wanaogombania rimoti. Jumapili anakuja kusikia jibu. Tumekubaliana jibu ni la Rukia mwenyewe. Mie nilikubali kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejali. Kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji.

Kwa sababu wewe, kule hospitali, ulinishika mkono ukaniambia, "Kaka, mwanangu usimwache akawa mgeni." Akienda kwa ridhaa yake, sanduku nitambebea mimi, na nitalibeba kwa kidole kimoja. Lakini nilikuwa najiuliza, hapa kwangu anapoomba ruhusa ya kufungua friji, si mgeni tayari?

Ndipo nikasema Jumamosi twende kwa farasi. Si kumhonga, mtoto yule hahongeki, amechukua kwako. Nilitaka tu kabla hajaamua aone kitu kimoja ulichokuwa ukikipenda, tukiwa pamoja. Nikaenda maktaba nikachukua kijikaratasi cha shamba lenyewe, nikakiweka mezani, tukafanya mkutano.

Mkutano ulikuwa wa fujo. Mie nilitoa mpango wangu: asubuhi shamba, mchana mji, halafu jioni tupitie baharini, kwa kuwa watu wa pwani hawawezi kutembea siku nzima bila kuiona bahari. Rukia akachukua ramani, akaitazama kwa utulivu, akaniambia bahari iko mbali huko. Nikamwambia wameihamisha. Hakucheka.

Mwanaidi yeye alikuwa na vikapu. Sambusa, katlesi, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai, mkeka wa kukalia na kusalia, maana huwezi kujua mji wa watu wa farasi wanakula nini. Na juu ya hayo, bakuli la halua. Rukia akauliza halua ya nani. Ya mwenye shamba, akasema Mwanaidi, watu wazima hawaingii shamba la mtu mikono mitupu. Rukia akamweleza kwamba pale watu wanalipa mlangoni, si kwenda kutembelea mtu, na mwenye shamba huenda hata hayupo. Mwanaidi akaendelea kufunga bakuli. "Hata kama tunamlipa, ana mdomo," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshanunua muwa sokoni, mrefu kunishinda, wa kuwapa farasi. Muuzaji aliniuliza kama nina sherehe. Nikamwambia nina jamaa zangu wanapenda utamu.

Kile kijikaratasi kina picha nzuri, Zuhura. Mabanda ya matofali mekundu yamejengwa enzi za babu zao, juu ya kila mlango jina la farasi kama jina la daktari. Na kuna mji wenyewe hapo karibu, una barabara kuu yenye mnara wa saa, na farasi wakitaka kuvuka, magari yanasimama. Waheshimiwa. Lakini ukurasa wa nyuma kuna makaburi. Farasi wao wakubwa wamezikwa chini ya miti na mawe yenye majina. Nikaona hili si la kumwonyesha mtoto ambaye kaburi la mama yake halijakauka udongo. Nikaukunja ukurasa ule ndani, nikapiga pasi kwa ukucha. Asubuhi nilipoamka nikakuta umekunjuliwa, kijikaratasi kimelazwa wazi karibu na kikombe chake. Nikakiacha vile vile.

Shamba lile linataka watu wapige simu kabla. Kupiga simu ni kazi ya Rukia, maana Kiingereza changu kwenye simu huwa kinakimbia. Uso kwa uso nakimudu, nakisaidia kwa mikono. Basi jana alipotoka skuli akapiga, mimi nikasimama naye pale kwenye ngazi, sikio karibu na simu, kuhakikisha mambo yanakwenda.

Bibi wa shambani akauliza tuko wangapi, akamwambia. Akauliza kama katika hao kuna mzazi. Rukia akanitazama. Nikanyoosha mkono nimpokee simu. Hakunipa. Akasema hapana, kuna mjomba wake.

Lakini sikiliza vizuri. Hakusema anko. Anko humu ni kila mwanamume: muuza samaki anko, fundi wa bomba anko, na mie miaka yote hiyo nilikuwa anko pamoja nao. Alisema mjomba. Alilitia zima zima katikati ya Kiingereza chake. Yule bibi hakuelewa, akamtaka arudie, akarudia vile vile. Bibi akauliza huyo ndiye nani. Rukia akafikiri kidogo, akamwambia ni mama, ila huyu ana ndevu.

Zuhura, maneno hayo si yake. Nayajua yametoka wapi. Kumbe ulikuwa ukimwambia hivyo mkiwa wawili, na mie hukuniambia hata siku moja, ukijua nitavimba kichwa. Basi nimevimba. Tangu jana milango napita ubavu.

Kwa kuwa moyo ulikuwa umenipanda juu, nikamwambia Rukia muulize huyo bibi kama zamani, baada ya Mapinduzi, waliwahi kupokea farasi wa Zanzibar, wameletwa kwa meli. Nilidhani ataninunia. Akauliza. Tena kwa adabu, kama anauliza jambo la serikali. Bibi wa watu akaiacha simu, tukamsikia akiuliza wenzake huko ndani, akarudi.

Rukia akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia. Sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili tangu mazishi yako ilikuwa hii: "Mjomba, anasema hajui. Na kama walikuja, watakuwa wameshakufa."

Nikamwambia, "Mwambie basi wajukuu zao."

Akamwambia. Nikasikia yule bibi anacheka huko aliko. "Anasema wajukuu wapo wengi," Rukia akasema, "twende tukachague." Akacheka na yeye. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, akaweka simu, akakaa kwenye ngazi na uso kwenye magoti. Nikakaa naye. Ngazi yetu nyembamba, unaijua, mtu wa umbo langu anakaa nusu. Sikuhadithia kitu. Mimi, Mbaruku, nilikaa kimya, na Mwanaidi aliyekuwa jikoni akatoa kichwa kuona kama nimezimia.

Rukia akaniuliza kama ulilia sana siku ile banda lilipokutwa tupu. Nikamwambia ndiyo, ulilia mpaka ukatapika. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo cha kilio chake mwenyewe. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Shangazi nitakwenda kumtembelea sikukuu. Kukaa, nitakaa hapa. Nitamwambia mwenyewe Jumapili."

Nikasema haya. Nikasema kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Nikainuka nikaenda bafuni nikafungulia maji, na Mwanaidi akagonga mlango akauliza wiki hii nimepatwa na nini na hayo maji.

Ndiyo habari zote. Muwa hautaliwa na farasi, yule bibi amekataza, anasema karoti tu, tena kwa mkono wa watu wao. Tutautafuna sisi kwenye treni na watu watatuona washamba, waache watuone. Halua inakwenda. Nikifika pale uani nitasimama, nitawatazama wote mmoja mmoja, na yule mwenye macho ya kuonewa nitampa salamu zako kwa Kiswahili, na kama hakuelewa Rukia atamtafsiria.

Sasa nikuage. Nilidhani nitaandika maneno makubwa hapa, nilikuwa nimeyapanga tangu msikitini, imamu anahutubia na mie nayapanga. Yamenipotea. Nimebaki na kwamba ulikuwa mdogo wangu na umenitangulia, na utaratibu haukuwa huo. Mola akulaze mahali pa upole. Pasiwe na baridi.

Rukia ananiita kule juu. Anataka kujua mabuti yako ya mvua tumeyaweka wapi, anasema sasa yanamwenea. Yanamwenea, Zuhura. Sikuwa nimeyatoa nyumbani, Mwanaidi alitaka kuyagawa nikayaficha nyuma ya mashine ya kufulia.

Nakuahidi jambo moja, na hili mtu yeyote asije akasema Mbaruku alitia chumvi: kila atakaponiita kwa jina lile, nikiwa nimelala, nikiwa na hasira, nikiwa mzee sisikii vizuri, nitaitika kabla hajamaliza kulitamka.

Ananiita tena. Acha niende.

Kaka yako,
Mbaruku