Hodi ya Mwambani

Mtani wangu Faki,

Hata kufa umekufa kwa ubishi. Ulijua fika kwamba maiti ya kwetu Pemba haingoji ndege kutoka Landani. Ukaondoka alfajiri, ukazikwa kabla ya adhuhuri, na mimi habari nikaipata kituo cha mwisho, hapa Barking, nimekaa kwenye usukani wa basi. Niligeuza gari kwa sababu lazima ligeuzwe. Taa ikawa kijani, abiria wananitazama kwenye kioo, wanajiuliza dereva huyu analilia nini. Mtoto wa shangazi yangu we! Ndivyo tulivyokubaliana?

Halafu nasikia ulizikwa kimya, watu wote wamenuna. Hakuna mtani wa kuzuia jeneza njiani. Hakuna wa kuwaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa akikoroma kama mashine ya boti iliyoingia mchanga, na kwamba ikija sahani ya pweza mkono wake haukuwa na jamaa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na wallahi ningeifanya vizuri kuliko mtani yeyote tangu watu waanze kuzikana. Basi pokea sasa. Matanga yako ndiyo haya, yamechelewa na yamekuja na baridi ya Landani.

Mimi unanijua. Skuli niliitoroka kabla haijanifukuza, lakini dunia nimeisoma ukurasa kwa ukurasa. Nimepika wali kwenye meli, mabaharia wa kila rangi wakalamba vidole. Nimegombana na polisi wa bandari kwa lugha nne, zote sizijui. Huku kazini wananiheshimu, hata wakubwa wangu wananiita kwa jina, ingawa wanalitamka kama wana jino bovu. Lakini kitu kimoja sikuwahi kukushinda, na sasa kwa kuwa huwezi kunicheka nakiri: kuwapeleka wageni mwambani.

Unakumbuka tulipoanza, mimi na wewe na ile boti ya marehemu baba yako? Miwani ya kuzamia miwili, mmoja unavuja, na mrija wa kupumulia tuliouchemsha mpaka ukapinda. Mimi nilikuwa mdomo, wewe ulikuwa macho. Nawachekesha wageni njia nzima, nawaambia pweza wa kwetu anasalimia kwa mikono minane. Tukifika Mwamba wa Bibi unaninyamazisha kwa kidole. Unawaweka wageni wote wakae ukingoni mwa boti, miguu majini, unawafundisha neno moja tu. Hodi. Wao wanaita hodi, wewe unashuka peke yako, unatia uso majini, unatazama mkondo unakwenda wapi, kama wapo yavuyavu wa kuwasha watu, kama maji yametulia. Ukiridhika unainua kichwa unaitika, unaivuta mpaka mwisho: "Karibuuuni." Hapo ndipo mtu anaingia. Usipoitika hakuna anayeingia, awe tajiri wa wapi. Jitu moja refu la Ulaya lilikuuliza unamwomba nani ruhusa, samaki? Ukamjibu, "Mwamba una wenyewe, bwana. Hata mimi nagonga." Nilikucheka siku hiyo hadi nikagaagaa boti nzima.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulipotuacha.

Zamu yako ilibaki wazi. Waongozaji walikutana, mwenyekiti wao ni yule yule Bwana Hamad mwenye kikohozi cha kukatiza maneno ya watu. Hoteli mpya ya upande wa pili ilikuwa inaitaka zamu yako iwaweke vijana wake, wazuri tu, wana vyeti, wanazama kama mawe, lakini mwamba wetu hawaujui hata kwa ndoto. Kamati ikasema: kama nyumba ya Faki ina mtu wa kuongoza wageni, zamu ni yake. Kama haina, iende hotelini. Nyumba yako ina nani? Ina mama yake Mize, na ina Mize.

Binti yako Mize aliinua mkono. Wamenambia aliinua nusu, kama anayejikuna. Bwana Hamad akakohoa, akasema, "Kuogelea anajua, simkatalii. Mtoto wa Faki ni samaki. Lakini wageni atawaongoza kwa sauti ipi? Huyu akisema asante, lazima umwone midomo." Na ni kweli, Faki, usinikasirikie. Mwanao ana sauti ya kuhesabia nyota. Wakakubaliana ajaribiwe mwezi wa nane, wageni wakiwa wengi, na kamati ipande boti ione kwa macho yake.

Akanipigia simu. "Ami Kombo, nifundishe kusema." Mimi! Nilihisi nimepewa uwaziri. Kila nikimaliza zamu, naketi chumba cha chai cha madereva, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya pilipili, namfundisha Kiingereza na namna ya kupaza sauti. Madereva wenzangu, Mghana mmoja na mama mmoja wa Jamaika, wakawa nao wanamfundisha, kila mtu na Kiingereza chake. Tatizo ni kwamba Kiingereza changu mimi ni cha basi. Nimekiokota humo, nimekilea humo. Nikamfundisha lile tangazo la mabasi yetu, "Tafadhali shikilieni, basi linakaribia kuondoka." Nikamfundisha "Tafadhali sogeeni ndani." Akauliza, "Ami, ndani wapi, na sisi tuko baharini?" Nikamwambia wewe sema, wageni wataelewa, hayo ndiyo maneno waliyozaliwa nayo.

Nilimwambia pia hodi aigeuze Kiingereza. Akakataa. Kwa ile sauti yake ya unyoya akasema, "Hapana, ami. Hiyo wajifunze wao." Nikajua ni damu yako.

Mwezi wa nane tukaenda, mimi na mke wangu Rukia na binti yetu Salha. Salha unamkumbuka kwenye simu, yule ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimkaripia anakujibu kwa mabega. Kaburi lako tulikwenda siku ya kwanza. Sikusema utani wowote. Nilikuwa nimeutayarisha tangu Landani, mwingi, mzuri, wote ukanikwama. Nikang'oa majani tu.

Siku ya mtihani boti ilijaa. Wageni, kamati mbele na jaketi zao za kuelea zimewabana matumbo, Salha kando yangu kanishika mkono maana bwawa analijua lakini bahari haimjui. Mize kavaa nguo ndefu ya kuogelea na ile kofia yako iliyopauka. Mashine ikawaka, akasimama, akasema neno la kwanza, hakuna aliyesikia. Bwana Hamad akakohoa. Mize akavuta pumzi, akasema tena, na safari hii ilitoka: tafadhali shikilieni, basi linakaribia kuondoka. Faki, kulikuwa na Waingereza wanne mle. Walicheka mpaka wakashikana, na kila mmoja akashikilia! Nikamtazama Bwana Hamad kama mimi ndiye niliyemzaa Mize.

Tukafika Mwamba wa Bibi. Akawaketisha ukingoni, miguu majini, akawafundisha hodi. Wakaita. Mize akashuka peke yake, akatia uso majini.

Na mimi nikautazama ule mwamba. Upande wa kaskazini ambao mliufunga upumzike, matumbawe yameanza kuota tena, unayaona hata toka juu, ya zambarau, ya manjano, kama khanga zilizoanikwa chini ya maji. Moyo ukanipanda. Nikajisemea, mtu hapigi hodi kwao. Hapa nimeogelea kabla sijaota meno. Nikavaa miwani, nikajirusha.

Mtani, bahari ile ilinisahau. Au mimi ndiye niliyeisahau. Ulikuwapo mkondo pale kwenye kona, maji yanatoka kwa kasi, ndiyo kitu Mize alichokuwa anakitazama kabla hajaitika. Ukanichukua mimi na kitambi changu cha usukani. Miwani ikajaa, mrija ukajaa, nikanywa bahari ya kutosha kupikia samaki wa harusi. Nikatafuta pa kusimama, nikakumbuka chini yangu ni matumbawe yenu mliyoyapumzisha, nikakunja miguu. Hilo niandikie thawabu huko uliko: mtu anazama na bado anakunja miguu.

Ndipo nikaisikia sauti. Si ya kuhesabia nyota. "Ami Kombo! Lala chali! Usipigane na maji!" Ilifika mpaka ndani ya masikio yaliyojaa maji. Kisha kwa Kiingereza, kwa wageni, bila kutetemeka: wote bakini mlipokaa, shikilieni. Hakuna aliyethubutu kutikisika, hata kamati. Boya likaanguka karibu na mkono wangu, na yeye nyuma yake, hakupambana na mkondo, aliuzunguka, vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Akanifunga mkono kifuani akanivuta mpaka botini. Kutapika nilitapika, hilo tusilirefushe.

Nikadhani ataniacha nikae kivulini kama mzee. Akanifuta uso kwa kofia yako, akasema, "Haya ami, kaa na wenzio. Miguu majini."

Nikakaa na wageni. Mwingereza mmoja akanisogelea, akanipa nafasi. Na Mize akaisogeza boti mbali na kona, akashuka tena, akatia uso majini, akatazama. Nikaita hodi. Mimi, Faki, Kombo wa bahari saba, nimepiga hodi kwetu. Nilikuwa nimekaa nangoja kuitikiwa na wewe, ndiyo ukweli. Kwa muda mdogo nilisahau kabisa. Kisha mwanao akainua kichwa, maji yanamtiririka, akaivuta mpaka mwisho: "Karibuuuni." Ile ile. Wala hajafundishwa na mtu.

Nililia ndani ya miwani. Ndiyo faida ya miwani ya kuzamia, kumbe.

Tukaingia sote. Salha akiwa kaning'inia kwenye kamba ya boya, akaona wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaotoka mlangoni mwao kukutishia kisha wanarudi ndani, akacheka mrijani mpaka mapovu yakatoka. Akamwona pweza. Pweza akamwona yeye akabadilisha nguo. Tulipopanda botini akamwambia Mize, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa, "Dada, twende tena."

Njia nzima kamati ilinong'ona. Tulipofika ufukweni Bwana Hamad akakohoa, nikajiandaa kugombana. Akasema, "Sauti tumeisikia." Basi, hayo tu. Hoteli wakajibiwa siku ile ile. Zamu ya Faki ni ya nyumba ya Faki. Na vijana wa hoteli, sikiliza, wawili kati yao wamekuja kumwomba Mize awafundishe mwamba. Anawafundisha. Kwanza anawaketisha, miguu majini.

Sasa hapa Barking nimeshasimulia kila mtu, msikitini, kazini, kwa kinyozi. Nawaambia nilijizamisha kwa makusudi ili kamati iione kazi ya mtoto. Nilijitoa mhanga. Rukia nikifika hapo anaguna, anaondoka na vikombe. Wewe mtani wangu ndiye pekee ninayekwambia kwamba siyo, na wewe huwezi kumwambia mtu.

Jumamosi sasa nakwenda bwawani na Salha. Najifunza upya, kwenye upande wa watoto, mwalimu ni msichana anayenipigia filimbi. Kabla sijaingia nasimama ukingoni, naita hodi. Watu wananitazama. Salha mwanzoni alijifanya hanijui. Jumamosi iliyopita alikuwa ameshaingia majini, akatia uso, akatazama huku na huku kwa uzito wote kama ndani ya bwawa la Barking mna mkondo, akainua kichwa akaitika. "Karibuni." Hajaweza kuivuta. Ataweza.

Ahadi yangu ni hii. Kila mwaka mwezi wa nane nitakuja, nitapanda boti ya Mize kama mgeni, nitakaa na wageni, na mdomo wangu nitaufunga tukifika mwambani. Kabla ya kufika, usiniombe, hilo sitaliweza. Na ule utani ulionikwama kaburini nitaumalizia kidogo kidogo, mpaka majirani zako humo wakuombe unihamishe.

Kwaheri, mtoto wa shangazi. Lala, koroma, hakuna wa kukuamsha. Na siku nitakapofika mlangoni kwako nitapiga hodi, nimeshajifunza. Lakini nakuomba, wewe na ubishi wako wote, fanya kama kawaida: tia uso kwanza, tazama vizuri, chukua muda wako. Usiharakishe kuniitikia.

Ni mimi, mtani wako,
Kombo