Mpangaji wa Maanrifa

Hakima wangu wa Badjanani, kaa chini kwanza ndipo usome. Jirani yangu Maanrifa kajichongea mwenyewe, nami nipo pale pale barazani kwake natafuna tambuu!

Asubuhi karani wa kodi, yule Mfaransa, kaja hapa Mutsamudu kusaka nyumba zenye wapangaji. Mwenye mpangaji hutozwa. Anayekaa na jamaa zake huachwa. Akamwona Zoubeir, mpangaji wa Maanrifa, anashuka ngazi, taulo begani.

"Huyu nani?"

Maanrifa akadakia, "Mkwe wangu! Mume wa binti yangu Chaehoi."

Mume wa Chaehoi, Hakima! Mtaa mzima unasikia!

Karani akaridhika, maana kwetu mume ndiye huhamia kwa mke. Akaenda zake. Maanrifa akacheka, akidhani kaponea.

Zoubeir akasema, "Haya, mama mkwe. Mkwe halipi pango."

Nikamtania, "Shoga, umepata mkwe bila hata pilau." Kicheko kikamkauka.

Adhuhuri wakaja watu wa Mirontsy, wale waliomposa Chaehoi. "Hatuoi mke wa mtu." Maanrifa akaapa kwamba aliongopa. Wakamuuliza, "Ulimwongopea karani, au unatuongopea sisi?"

Wakaenda zao, posa imevunjika.

Chaehoi katoka chumbani sasa hivi, macho yamevimba. Kamwambia mamake, "Kamwite Zoubeir anioe. Mwingine haji tena."

Maanrifa bado kakaa kwenye ngazi. Nimeshindwa hata kumtania.