Telefone Inayonisikilizia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Cédrick, mtoto wa shangazi, ameniletea telefone. Ndani ameweka programu ya viziwi: mtu akisema, maneno yake yanatokea kwenye ekrani. Miaka sita tangu dawa ya malaria iniue masikio — leo nimesoma sauti ya mama mkwe wangu, Mama Hortense! Alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Nililia. Kwa sababu ya chumvi!
Bwana yangu, Symphorien, hakufurahi. Akaandika kwenye daftari tunalotumia kuongea: hiki kintu kitakuharibia macho.
Macho yangu, au mambo yake?

Jumatano, 5 Machi
Kifaransa, telefone inakijua. Kiswahili chetu cha Likasi inakivunja-vunja. Mtu akisema "miye", yaani mimi, inaandika "mimea". Basi siwezi kuapa juu ya neno lolote.
Lakini leo Symphorien alikaa uani na mama yake. Niliacha telefone dirishani, chini ya kitambaa ninachoshona. Nilipoichukua, jina langu lilikuwa humo: hapana ambia marceline — atalia — kule si koni.
Si Koni! Mwaka mzima ananiambia analinda mitambo ya umeme Koni, ndiyo sababu analala huko siku tatu, nne. Nani anamlaza?

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza kwa mdomo wangu. "Weye uko na mwanamuke mwingine?"
Akacheka. Akaweka mkono juu ya Biblia. Ekrani ikajaa: Koni, Koni, kazi ya Koni. Mtu mkweli hutaja jina mara moja.
Nimefua suruali yake. Matope mazito mpaka kiunoni. Mlinzi gani huyu?

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada alikuja Octave, mwenzake wa kazi. Yeye na Symphorien wakasimama mlangoni, migongo kwangu — nisisome midomo. Ekrani haihitaji midomo.
chini kolo bwe — mvua nyingi — tuingie kesho
Nikarudia polepole. Chini-kolo-bwe. Mara tatu. Shinkolobwe! Mgodi uliofungwa, wenye mawe yale mabaya ya urani, ambako watu wanachimba kwa kujificha.
Hakuna mwanamke. Nilidhani ningefurahi.
Nikampa Symphorien asome. Alisoma muda mrefu, kisha akafuta. Akaandika: mashini inakosea.

Jumatatu, 10 Machi
Ameondoka. Hakuniamsha. Mvua tangu asubuhi — naiona, inapiga madirisha.

Jumanne, 11 Machi
Octave amekuja peke yake! Amekaa na Mama Hortense, amenipa mgongo. Telefone iko mapajani; ninaandika ili wadhani nimeshughulika.
udongo — symphorien alikuwa mbele — tunachimba bado — mama usilie yeye anaona
Mama Hortense ameshuka kitini mpaka chini. Mikono kichwani. Sasa amejiinua. Amejifuta uso na kitenge. Ananigeukia — anatabasamu! Anasema polepole kabisa, nimsome:
"Mutoto wangu, bwana yako amebakia Koni. Siku mbili tu. Kazi ni mingi."
Nimemjibu ndiyo, Mama. Sauti yangu sijui imetokaje.
Octave amenyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji. Kucha zimevunjika, zote. Hakuoga hata. Ameona ninavyoziangalia. Anaangalia daftari, anaangalia telefone mapajani mwangu. Mama Hortense anamshika bega, anatikisa kichwa: hapana, hapana. Octave amefungua mdomo —