Mke Wangu Anasema Sabufa Inamuuma

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaivunja hii sabufa au sijaivunja ndoa, maana hata barua hii naiandika nikiwa nimesimama, nikikaa nasikia ule mngurumo hata kama nimeizima, na nikisimama naanza kuzunguka kutoka sebuleni hadi uani kama mtu aliyepoteza funguo. Naitwa Tumainieli, naishi hapa Same mjini, nafanya kazi kwenye machimbo ya jasi, na mke wangu Eliakunda amerudi kwao Suji na mtoto wetu Agape, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusimama dede.

Hii sabufa niliinunua kwa Prisca, muuza samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliyekuwa anahama, na Prisca huyo ndiye watu walikuwa wananitania naye kabla sijaoa, jambo ambalo Eliakunda analijua na tulikuwa tunalicheka pamoja. Mwanzoni ilipiga vizuri sana, kwaya ikiimba besi unaisikia hadi kwenye vioo vya dirisha. Halafu mjomba akaniletea beberu kutoka Kwakoa kwa ajili ya ubatizo wa Agape, nikawa sina pa kumfunga, nikamfunga kwenye kile chuma kilichochomekwa ardhini nyuma ya nyumba, chini ya mita, na beberu mwenyewe mkorofi, alivuta kutwa nzima mpaka chuma kikang'oka na waya wake, nikamhamishia kwenye mlonge, nalitaja hili ili ujue tu kwamba nilikuwa na mambo mengi na sikuwa na raha. Basi wiki hiyohiyo sabufa ikaanza kunguruma. Ukiweka muziki inanguruma, ukipunguza sauti mpaka mwisho inanguruma, mmmmm, kama kuna mtu ndani yake anayetaka kusema neno na halitoki. Nimebadilisha nyaya, nimeitenga na king'amuzi, nimeipeleka kwa Wilbard fundi redio akabadilisha kapasita, kule kwake ikatulia kimya kabisa, nikaibeba kwa furaha, kuichomeka kwangu, mmmmm. Kitu pekee kinachoituliza ni mimi: nikirudi kazini, kabla hata sijavua mabuti, nikiiwekea kiganja kwenye bati la mgongoni mngurumo unapungua, nikitoa mkono unarudi, kwa hiyo nimekuwa nakaa nayo hivyo nimeiegemea, najiona mjinga lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kuhusu Eliakunda. Siku moja nimemkuta amekaa kizingitini, ndoo ya kudekia iko pembeni, anajisugua mkono, akaniambia, "Baba Agape, hii sabufa yako inaniuma."

Mshauri, nilielewa palepale. Nikamwambia mambo ya Prisca yalishapita, nikamwambia Mkristo kuionea wivu redio ni aibu, nikacheka, nikamwambia atazoea. Tangu hapo akaacha kuifuta vumbi, akawa haingii sebuleni bila ndala kana kwamba anaingia chooni, Agape akawa hamshushi mgongoni kutwa nzima, hata friji akawa analifungua kwa upindo wa khanga, yaani vitu vyangu vyote vimekuwa najisi. Nikamuuliza kama ni yeye anayechokonoa nyaya ili sabufa inisumbue. Hapo ndipo alipofunga mizigo. Mlangoni nikamuuliza atarudi lini, akasema, "Nitarudi ikiacha kuuma."

Moyo wa mtu unaacha kuuma lini, Mshauri? Jumamosi nimepanga kupanda Suji na wazee wawili wa usharika wakamweleze kuhusu ubaya wa wivu, nije naye nyumbani, lakini najiuliza kama nimrudishe kabla sijapata dawa ya huu mngurumo, maana vyote viwili kwa pamoja siviwezi. Nijibu haraka tafadhali, hapa naichomoa na kuichomeka tu.

Tumainieli, Same

*

Marahaba, Tumainieli. Acha kuichomeka. Kabla hujasoma mstari mwingine nenda kazime swichi kubwa kwenye mita, ndipo uichomoe hiyo sabufa na uiache ilivyo. Ukirudi, kaa. Kaa kabisa, kwenye kiti.

Mke wako hana wivu. Mke wako amepigwa na umeme.

Alikuambia inamuuma akiwa anajisugua mkono, ndoo ya maji iko pembeni, na wewe ukaenda kumtafuta Prisca wa watu, ambaye pengine hata hakukumbuki. Mtu akiguswa na umeme atasema nini? Nyigu anauma, mbwa anauma, na sabufa yako inauma. Hakukuambia fumbo hata kidogo.

Nimeishi na fundi umeme tangu nilipoolewa, kwa hiyo nisikilize. Kile chuma ulichokigeuza kigingi cha mbuzi ndicho ethi ya nyumba yako. Kazi yake ni kuuteremsha ardhini umeme unaovuja. Ndani ya sabufa yako kuna mahali umeme unavujia kwenye bati, na zamani ulikuwa unashuka zake kimyakimya. Beberu alipong'oa chuma, ukakosa njia, ukabaki kwenye bati unanguruma. Kwa Wilbard ilinyamaza kwa sababu ethi ya Wilbard haijafungiwa mbuzi. Na friji lako limeungwa kwenye waya huohuo wa ethi, kwa hiyo nalo lilikuwa linauma. Wewe hukuumwa kwa sababu ulikuwa umevaa mabuti ya machimbo yenye soli nene ya mpira, wakati mwenzako anadeki peku kwenye sakafu iliyolowa. Na ulipoiwekea kiganja ikatulia, mwanangu, haikuwa inakutambua. Umeme ulikuwa unatafuta pa kushukia, ukakuona wewe.

Pole kwa kukosa raha, na nasema pole ya kweli, kwa sababu najua kelele ndogo isiyokoma inavyomla mtu. Lakini nimekukasirikia. Utauliza kwa nini Eliakunda hakurudia kusema. Alirudia kila siku, kwa ndala na kwa khanga. Unalalamika kwamba mtoto alikuwa hamshushi mgongoni. Mtoto anayesimama dede hushika chochote kilicho karibu ili ainuke, na sabufa yako naamini iko sakafuni. Nilipofika hapo niliiweka barua yako mezani, nikaenda kunywa maji. Huyo mwanamke alimbeba mwanao kutwa nzima ili umkute hai, wewe ukahesabu kwamba amekudharau. Halafu ukamwita mchokonoa nyaya.

Sasa fanya hivi. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, usimtume fundi redio kazi isiyo yake, achimbie chuma cha ethi upya, aunge waya, apime nyumba nzima, na akufungie kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Sabufa irudi kwa Wilbard na umwambie wazi kwamba inarusha umeme kwenye bati, atafute inapovujia. Ethi mpya itanyamazisha mngurumo, nawe utajiona umepona, lakini ubovu utakuwa bado umo ndani. Wilbard akishindwa, usimuuzie mtu mwingine, kwa kuwa huko nako kuna mke na kuna mtoto. Mpaka fundi umeme akuambie mwenyewe kwamba nyumba ni salama, usiwashe kitu. Na beberu abaki mlongeni.

Suji usiende Jumamosi hii kama nyumba haijapimwa. Ikishapimwa, panda peke yako. Wazee wa usharika waache kwao, kazi yao itakuwa kula beberu siku ya ubatizo. Ukifika usianze na Prisca, usianze na wivu, na tafadhali usiseme umemsamehe. Msalimie mama mkwe kwa heshima, kisha umwambie Eliakunda kwamba sasa haiumi tena. Mwombe radhi, umuulize ilimuuma wapi. Akikunyooshea mkono, ushike, na usifungue mdomo mpaka amalize kusema.