Mkono wa Kushoto wa Irine

Nyuma ya Soko,
Biharamulo, Kagera.
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Celestini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Masasi, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa sababu ya vumbi la ghala la korosho kimetulia. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama anatembea na anakula, ila goti lile bado linamsumbua asubuhi. Binti yako Irine ni mzima wa mwili. Mimi pia ni mzima, nikiacha usingizi ambao siku hizi unakuja kwa shida.

Mvua za vuli zimeanza kule nyumbani Nyamigogo. Maharage tumeshapanda upande wa bondeni, nayo yameota vizuri. Kile kipande cha juu Mama amekataa kabisa kumkodishia mtu. Anasema ukirudi utajenga hapo, na hataki ukute mihogo ya watu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Nimejaribu simu. Kila ninapokupigia nikiwa nyumbani, Mama anasogea karibu ili asikie sauti yako, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema yeye akiwa amekaa hapo. Nikipiga nikiwa mjini, naanza kulia kabla sijafika popote, na wewe unadhani kuna msiba. Hakuna msiba, kaka. Soma taratibu mpaka mwisho.

Ni habari za Irine na ile nafasi ya shule.

Nilikueleza wakati wa Pasaka kwamba upo mradi ulioleta vishikwambi ofisini kwetu, idara ya elimu, vyenye michezo ya kompyuta kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Huenda sikueleza vizuri. Mtoto anaona zizi, na nje ya zizi mbuzi. Sauti inamwambia aingize mbuzi wawili, au mweupe kabla ya mweusi, naye anamgusa mbuzi kwa kidole na kumvuta mpaka mlangoni. Akipatia, mchezo unakuwa mgumu zaidi. Akikosea, unashuka na kuwa rahisi. Mtoto anadhani anacheza tu, kumbe anajifunza na kupimwa. Mwishoni kishikwambi chenyewe kinatoa kiwango chake. Kwa kiwango hicho ndivyo wanavyochaguliwa wachache wa kwenda bweni, kwenye kitengo maalumu upande wa Ngara.

Nilifurahi sana kwa ajili ya Irine. Tangu aanze kwenda shule, watu wanampima kwa maswali ya mdomo, na maneno yanamkwama. Wanampa kalamu, inaanguka. Nikawaza kwamba safari hii hakuna atakayemdai sauti wala mwandiko. Atavuta mbuzi tu.

Na alikuwa anawavuta. Mwalimu Speciosa, anayefundisha darasa lao, aliachiwa kishikwambi kimoja cha mazoezi. Alikuwa anakiweka kwenye mkeka, anawaacha watoto wakizunguke, yeye anaendelea na wengine. Siku moja alinipigia simu ofisini kunieleza kwamba Irine anajaza zizi kwa mkono wa kushoto kabla wenzake hawajamaliza kuhesabu, na mwenzake akikosea anamcheka mpaka mate yanamtoka. Alisema, "Frida, huyu mtoto wenu siku zote hizi alikuwa anatuangalia tu." Nilifunga mlango wa stoo nikalia kwa furaha, halafu nikarudi mezani.

Sasa kaka, unajua Mama alivyomlea. Tangu Irine aanze kushika kitu, Mama hakukubali apokee kwa kushoto. Alimfundisha kama alivyotufundisha sisi: piga goti, toa mkono wa kulia, wa kushoto uushike ule wa kulia kwenye kiwiko. Mkono wa kulia wa Irine haufunguki, lakini anautoa hivyo hivyo, ngumi imekunjwa, wa kushoto ukiubeba, na mgeni anamwekea kitu juu ya ngumi. Majirani wote wanamsifu. Mama huwa anasema mtoto aliyenyimwa mguu na ulimi, akikosa na adabu, nani atampenda siku yeye Mama akiondoka? Sikuwahi kuona ubaya katika maneno hayo. Hata sasa siuoni.

Siku ya upimaji tulikusanyika kwenye darasa moja, wazazi kwenye mabenchi ya nyuma, watoto wakiitwa mmoja mmoja mbele. Mkuu wangu wa ofisi aliniita asubuhi akanionya. Kwa kuwa mtoto wa kaka yangu yumo, nikae kwenye meza ya mahudhurio, nisimkaribie wala nisimsemeshe, isije ikasemwa karani amembeba ndugu yake. Aliniambia kwa wema. Nilimwelewa. Unajua mimi bado ni wa mkataba.

Mwanzoni kulikuwa na vicheko. Mzee Leonidasi, aliyemleta mjukuu wake asiyesikia, aliwatazama wale mbuzi wa kwenye kioo akawaambia wenzake kwamba hao angewafuga hata yeye, maana hawaingii kwenye maharage ya mtu. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba hata supu hawatoi. Ndipo mtaalamu wa mradi, Bwana Anatoli, akaomba kimya. Ni mtu mzima mwenye mvi, mpole, amevaa koti. Alieleza kwamba mtoto akiwa anacheza, mkubwa yeyote asiseme neno, kwa sababu neno la mkubwa ni msaada, na msaada unaharibu kipimo.

Irine akaitwa. Mama alikuwa amemvalisha lile gauni la buluu ulilomtumia. Alikwenda mbele akiburuta mguu, akafika kwa Bwana Anatoli, akapiga goti. Bwana Anatoli akamkabidhi kishikwambi kwa mikono yake mwenyewe, kama unavyompa mtu kitu cha thamani, akasema, "Karibu mama, ucheze."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyekosea. Irine alipokea kama alivyofundishwa. Kisha akakaa kwenye kiti, kishikwambi mezani, na hakuubadili mkono. Mbele yake alikuwa amesimama mgeni mwenye mvi, na kitu kile amepewa na mgeni. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaubeba, akaanza kuwagusa mbuzi kwa ngumi.

Ngumi ni kubwa kuliko mbuzi. Ilikuwa inagusa watatu kwa pamoja, au zizi, au pembeni kabisa. Mchezo ukahesabu kosa, ukashuka. Wakabaki mbuzi wawili. Ukashuka tena, akabaki mmoja. Mwishowe kioo kizima kilikuwa na kifaranga mmoja tu wa njano, na sauti inamwomba amguse. Irine, anayejaza zizi zima akiwa mkekani, alikuwa anatoa jasho kumtafuta yule kifaranga kwa ngumi.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatabasamu, kaka. Alimgusa jirani yake, na ingawa tulikatazwa kusema nilisikia akinong'ona, "Unaona anavyomheshimu mgeni? Huyo nimemlea mimi."

Nilisimama. Mkuu wangu alinitazama kwa namna ambayo bado naiona. Nikasema, "Samahani mzee. Huyo ni mtoto wa kaka yangu na nimekatazwa kusema. Lakini mkono anaotumia siyo mkono wake."

Bwana Anatoli hakukasirika. Alisubiri mchezo ufike mwisho, maana haukatishwi katikati, kisha akaniuliza nina maana gani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akasema kishikwambi hakijui kama kilichokigusa ni kidole au ngumi. Akaufungua mchezo upya, akamwomba Mama asogee mbele amwambie mtoto atumie mkono wa kushoto.

Mama alichelewa kuinuka. Nilidhani ni goti. Alipofika alisimama pembeni ya kiti cha Irine akamwambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Tumia huo mwingine." Irine alimwangalia, akacheka kidogo, kama anavyocheka Mama akimtania. Kisha akauficha mkono wa kushoto chini ya paja, akaukalia.

Mama akarudia kwa nguvu zaidi. Na wewe unajua, sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomkataza miaka yote. Irine akamwangalia Bwana Anatoli, akamwangalia bibi yake, akatoa tena ile ngumi, safari hii bila wa kuibeba. Mama akainama autoe mwenyewe mkono wa kushoto, mpaka Bwana Anatoli akamwomba amwache, mtoto hapaswi kushikwa. Bwana Anatoli alijaribu hata kujitenga, akasimama dirishani akiwa ametupa mgongo ili asionekane. Haikusaidia. Watoto wengine walikuwa wanangoja, wengine wameanza kulia kwa njaa.

Nje, Bwana Anatoli alinikuta nimeegemea ukuta. Aliniambia ameona kwa macho yake nilichomweleza na atakiandika kwenye ripoti. "Lakini sitakudanganya, binti yangu," akasema. "Nafasi zinagawiwa kwa viwango, na kiwango cha Irine ndicho hicho kilichotoka."

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Irine hayumo. Wameandika kwamba bado hajawa tayari kwa masomo, aendelee na malezi ya nyumbani. Watakapochagua tena atakuwa amepita umri wanaoutaka. Maelezo ya Bwana Anatoli yapo, nimeyasoma, yameandikwa vizuri na kwa haki, chini kabisa, na hayakubadili chochote. Mjukuu wa Mzee Leonidasi amepata, nami nimewafurahia kwa moyo kweli. Vishikwambi vimefungwa kwenye maboksi vikaondoka na gari la mradi, pamoja na kile cha Mwalimu Speciosa.

Mimi nimetakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini nilisimama siku ile. Nimeeleza. Mkuu wangu anasema yataisha, lakini kila simu ya ofisini ikilia nadhani ni mimi ninayeitwa. Usimwonyeshe mtu barua hii, tafadhali. Ila usinihurumie mimi. Lililonifanya niandike ni Mama.

Siku tulipopata majibu nilimfuata nyumbani nimweleze mwenyewe, asisikie kwa watu. Alinisikiliza huku akichambua maharage, hakuinua uso. Kisha akaniuliza kama ni yeye aliyemfungia mtoto njia. Nikamwambia hapana. Akasema, "Usinidanganye, karani." Tangu siku hiyo hajaniita Frida.

Jana nilikwenda tena. Niliwakuta kwenye mlango wa jiko. Mama alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mkono wake wa kushoto, Mama yetu, kaka, aliyetuchapa kwa hilo, anampa Irine. Irine akapiga goti akatoa mkono wa kulia. Mama akakirudisha kikombe nyuma, akamwambia, "Siyo huo." Akakitoa tena. Irine akatoa mkono ule ule. Mama akakirudisha tena. Alikuwa hamfokei. Alikuwa anambembeleza, na kila akikirudisha uji unamwagika kwenye kanga. Lakini mtoto alikuwa anaona kitu kimoja tu: kwamba amepiga goti vizuri, amepokea vizuri, na bibi yake anamnyima chakula. Alilia kwa lile neno lake moja analoweza kulitamka sawasawa, "Samahani." Akalirudia na kulirudia. Mama akakiweka kikombe chini, akaingia ndani, na sikumsikia tena mpaka giza.

Nilimnywesha Irine uji mimi.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usimlaumu Mama. Najua jinsi ulivyomwomboleza wifi Nimpaye alipofariki akijifungua, na jinsi ulivyosema mtoto huyu ndiye uliyebakiziwa. Mama hakumlea kwa uzembe. Alimlea kwa hofu ya siku ambayo yeye hatakuwepo. Mpigie umwambie umesikia na humlaumu. Kwangu haamini.

La pili ni kwa Irine. Mwalimu Speciosa amesema ataendelea naye darasani, hata kama ni kwa mbuzi wa kuchora kwenye maboksi, ilimradi mtoto akubali kutumia mkono wake mbele ya watu wazima. Mimi nimemwambia, bibi yake amemwambia, na kila tunapomwambia anaukalia. Omba ruhusa uje Krismasi, kaka, hata kwa siku chache. Mpe kitu, chochote, na ukubali akipokee kwa kushoto. Sisi sote huku tumekwisha kumkataza. Umebaki wewe tu ambaye hujawahi kuwa karibu naye kiasi cha kumkataza.

Mama anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia. Mama mdogo Benedicta na watu wote wa kule Bugarama wanakusalimu pia, na Mwalimu Speciosa. Irine nilimuuliza nikuambie nini. Alilitaja jina lako kwa namna yake, akaelekeza kidole barabarani.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini, akuponye kifua, akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Mimi mdogo wako nikupendaye na kukungoja,

Frida