Neno Nililosema Getini

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Geti nimefungua saa kumi na mbili. Nimeandika magari mawili, mama wanne wa kliniki na yule wa kuleta maziwa. Nimeandika mwenyewe. Masoja wengine wa geti hapa Chechelesi, Isiolo, wanachora msalaba tu. Mimi nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na miaka sitini na herufi zote nazijua. Kitabu cha geti ni cha kliniki. Hiki ni changu na hakuna mtu atakisoma.

Mzungu ameletwa. Anaitwa Klara. Miaka ishirini na moja, kwao Ulaya anasomea ukunga, amekuja kujifunza kwa Sista Makena, mkunga wetu, wiki sita. Ana kadi shingoni. Nimeisoma polepole: MWANAFUNZI. Nimemwambia ndani ya geti hii asiogope mtu. Nilikuwa polisi wa akiba huko Merti miaka kumi na nne, na bunduki. Wezi wa ng'ombe walikuwa wanauliza kwanza kama Wario yuko.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Kelele wodini. Mama mmoja, mimba ya kwanza, alichoka akakataa kusukuma. Sista alimchapa mapaja makofi mawili. Mtoto akatoka, analia vizuri.

Klara alitoka nje na yeye analia. Alisimama karibu na kibanda changu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema kwao mkunga akipiga mama anafukuzwa. Nikamwambia Sista ametoa watoto wengi kuliko mbuzi wa Merti, na yeye akae kimya ajifunze.

Huyo mama alipotoka jioni hakumwangalia mtu. Hiyo sikuandika kwa kitabu cha geti.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Watu wawili wamekatana panga kwa foleni ya maji, mtaa wa Bulla Pesa. Mmoja amekimbilia kwetu sikio linaning'inia. Sisi ni wa kuzalisha, lakini mtu anavuja damu utamwambia nini. Nilimkalia miguu, yule jamaa ana nguvu, lakini mimi nina zaidi. Sista alimshona. Nyuzi tatu za mwisho akampa Klara, huku amemshika kiganja. Nyuzi tatu tu.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba

Nilikuwa off. Nimekaa soko la mbuzi na watu wetu, chai na maneno. Walikuwa wanasikiliza, na mimi nikisikilizwa sisimami. Nikasema kwetu kuna daktari wa Ulaya. Ameshona sikio la mtu likarudi kama halijawahi kutoka. Nikasema kwake hakuna mama anapasuliwa, anatoa mtoto kwa mikono tu. Hiyo ya mwisho sijui ilitoka wapi.

Huqa alikuwa hapo. Kijana wa ukoo wetu, wa upande wa Merti. Mke wake Qabale ana mimba ya kwanza na imekaribia. Aliniongezea chai mwenyewe. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Nikasema muulize mtu yeyote kama Wario anadanganya.

Nimerudi nyumbani najisikia kijana.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Naandika ili nisisahau vile ilikuwa. Ingekuwa heri kusahau.

Saa tatu asubuhi pikap ya Merti imeingia. Huqa, ndugu yake Boru, na Qabale amelala nyuma juu ya godoro. Uchungu tangu Jumanne. Sista alifunua shuka mara moja tu. Mkono wa mtoto ulikuwa nje. Akasema huyu hazai hapa, mtoto amelala vibaya tumboni, apelekwe hospitali kubwa apasuliwe sasa hivi.

Huqa akatoa kisu. Akasimama mlangoni. Ati mke wake hapasuliwi na mtu, na Sista anamficha daktari. Klara akaja mbio akaonyesha kadi yake. Akasema yeye mwanafunzi. Mwanafunzi tu. Mpeleke hospitali. Alisema mara tatu.

Huqa hakumwamini. Akanigeukia mimi, akaniita kwa jina la mtoto wangu, vile watu wetu wanaita mzee. Watu walikuwa wamejaa getini, watu wetu, wale wa soko.

"Abba Jillo, waambie. Huyu ni daktari au si daktari?"

Nilijua. Kadi nilikuwa nimeisoma. Watu wote wananiangalia.

Nikasema, "Ni daktari."

Boru alimshika Klara nywele akamsukuma ndani mpaka akapiga goti kwa chuma ya kitanda. Sista alienda kumshika, akapigwa kofi. Mimi nilisimama. Mimi wa miaka kumi na nne na bunduki. Saa moja na nusu ilipita hivyo. Klara hakumgusa Qabale tumboni. Alimshika mkono tu, anamwambia pole. Qabale alipiga nduru moja ambayo sijasikia hata vitani. Halafu akanyamaza. Damu ilifika kwa viatu.

Sista alichukua birika ya maji moto akammwagia Huqa mkono. Kisu kikaanguka. Nikakikanyaga. Tukambeba Qabale mpaka pikap, na Huqa mwenyewe akaendesha akilia kwa mkono ulioungua.

Mtoto amekufa. Qabale hospitali wamemtoa kizazi. Kama ataishi hawajasema.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Walikuja baada ya swala. Kama thelathini, fimbo, rungu na mawe. Walitaka Klara.

Nilifunga geti na mnyororo nikasimama ndani na rungu yangu. Wa kwanza aliyepanda nilimpiga vidole. Wa pili nilimvunja taya, nimesikia ikilia. Huyo ni Boru. Nilipigana vizuri, nitasema ukweli, hakuna mzee mwingine Isiolo angesimama hapo. Halafu mkono wa kulia ukapigwa na chuma ukavunjika.

Jiwe lilipita juu yangu. Sista alikuwa ametoka kuongea nao. Lilimpata jichoni. Alikaa chini taratibu kama mtu amechoka.

Polisi walikuja wakapiga risasi juu. Watu wakatawanyika.

Wakati wote wa vita walikuwa wanaita kitu kimoja. Daktari ameua. Toeni daktari. Neno ni langu. Nilikuwa napigana na mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Naandika na kushoto, hata ya jana. Klara amepelekwa Nairobi na gari ya polisi, goti limefungwa. Alishuka tena kuja kwangu. Akasema, "Asante, baba. Umenilinda."

Nilitamani anitemee mate.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Mwenye kliniki amesimamisha Sista. Watu wa Huqa wameandikisha kwa polisi kwamba ni yeye alichelewesha. Jicho lake moja halitaona tena. Wanaweza kumshtaki, labda afungwe. Polisi ameniuliza nilisikia nini pale mlangoni. Nikasema soja yuko getini, mambo ya ndani hajui.

Nimemwambia mke wangu jioni hii nilivyojibu. Alikuwa anapanga vyombo. Akasema, "Geti ya watu umeifunga na mnyororo. Huo mdomo ulikushinda nini?" Hajaongea na mimi tena.

Nimekula peke yangu.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Nimeenda kwa watu wa Huqa. Wako Bulla Pesa, kwa ploti ya mjomba wa Huqa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Nilisema salaam aleikum, wakaitikia, wakanipa stuli kwa sababu ya mkono wangu. Sikukaa.

Nikasema yule msichana si daktari na nilijua si daktari. Sista alisema ukweli tangu pikap inaingia. Huqa aliniuliza mbele ya watu na mimi nikadanganya kwa sababu nilikuwa nimejisifu sokoni na niliona aibu kurudi nyuma. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Huqa aliinuka na fimbo. Alinipiga mgongo, shingo, akanipiga huo mkono uliovunjika. Nilianguka. Hakuna mtu alimshika, na mimi sikuinua mkono. Mtu wa umri wangu kupigwa na kijana wa ukoo wake ni jambo la kusemwa mpaka Merti. Waseme. Alipoacha alikaa chini karibu na mimi akalia.

Mzee mkubwa akasema kesho twende wote polisi, jina la Sista liondolewe, na langu liandikwe.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Nimeandikisha. Huqa pia. Yeye wamemweka ndani kwa sababu ya kisu. Mimi nimeambiwa nisitoke Isiolo mpaka niitwe. Nimemaliza kazi ya geti.

Sista nimempitia kwake. Alinisikiliza mlangoni na bandeji. Akasema, "Mzee, enda nyumbani." Akafunga polepole.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Nimeenda hospitali saa ya wageni. Qabale ataishi. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nilikaa kwa kiti cha chuma.

Aliuliza kitu kimoja. "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Aligeuza uso kwa dirisha. Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto analia, mama yake akamnyonyesha, akanyamaza. Qabale alikuwa anasikiliza. Na mimi nilikuwa nasikiliza.

Nilikaa mpaka sista wa wodi akasema muda umeisha.