Baiskeli Niliyoisukuma

Jumamosi, jioni

Hatimaye nimesema. Kifua changu kigonjwa bado kinabana, lakini moyo umekuwa mwepesi.

Mjukuu wangu Wanja, anayeniita Guka, yaani babu, alinibeba kwenye karia ya baiskeli yake, tukafuata barabara ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, inayopanda na kushuka vilima vya Karurumo hadi msituni. Magari hayapiti huko. Njiani mama mmoja wa kanisa akamwambia, "Huyu mwalimu hakuwahi kunipita akiwa juu ya baiskeli. Lazima angeshuka anisalimie."

"Guka, hiyo tutaisoma kwenye wasifu wako siku ya mazishi," Wanja akasema kwa fahari.

Kusomewa uongo nikiwa ndani ya jeneza! Tulipofika penye miti nikamweleza: sikuwahi kushuka, kwa sababu sikuwahi kupanda. Niliogopa miteremko. Miaka yote ya ualimu baiskeli yangu niliisukuma tu, watu wakaiita heshima, nami nikanyamaza.

Wanja alifunga breki, akanishusha, akacheka hadi machozi. "Sasa kengele ya baiskeli ulikuwa unapiga ya nini?"

"Watu wanipishe."

"Basi tutasoma hivyo hivyo, Guka. Alisukuma."

Kifo bado nakiogopa. Mazishi siyaogopi tena.